Usaili wa wahitimu katika kampuni za ushauri Dar es Salaam: jifunze kufikiri kwa sauti

Mwanzisha uzi

Ndugu wanajukwaa, habari za wakati huu.

Nimekaa katika majopo ya usaili wa wahitimu hapa Dar es Salaam kwa miaka sita, na kila msimu huondoka na majina mawili matatu yanayonisumbua. Ni majina ya vijana ambao nina hakika wangeiweza kazi, lakini fomu niliyoijaza haikuwa na chochote cha kuniruhusu kuwapitisha, kwa sababu hawakuniambia walichokuwa wanakiwaza. Naandika kwa ajili yao, na kwa ajili ya wanaojiandaa sasa.

Kwanza tuelewane ni kazi gani tunayoizungumzia. Ofisi kadhaa za kampuni kubwa za hesabu na ushauri ziko Oysterbay na Masaki: PwC wako Toure Drive, KPMG na Deloitte wako barabara ya Haile Selassie. Mhitimu anayeomba katika kampuni hizi kubwa za hesabu anapaswa kujua kwamba nafasi nyingi ni za ukaguzi wa hesabu na kodi, ambako njia ya kupanda hupitia mitihani ya NBAA, bodi ya taifa ya wahasibu na wakaguzi, hadi kuipata CPA, yaani sifa ya mhasibu aliyethibitishwa. Nafasi za ushauri wenyewe, yaani ile kazi ya kumsaidia mteja kuamua kama afungue tawi, apunguze gharama au aingie soko jipya, huwa chache zaidi. McKinsey na BCG, kampuni kubwa za kimataifa za ushauri, wana ofisi Nairobi, na Mtanzania anaweza kuomba huko. Uzi huu unahusu ushauri, ingawa mengi yatamfaa pia anayeelekea kwenye ukaguzi.

Hatua kwa kawaida ni maombi ya mtandaoni, mtihani wa nambari na ufahamu unaofanywa kwenye kompyuta kwa muda uliobanwa, wakati mwingine kazi ya kikundi, kisha usaili wa ana kwa ana ambamo utaulizwa kuhusu uliyoyafanya na utapewa swali la kesi, yaani tatizo la biashara au la makadirio unalolitatua palepale mbele ya msaili. Mwishoni unakutana na mbia wa kampuni. Mtihani wa kompyuta sitauzungumzia sana: fanya asilimia, uwiano na kusoma majedwali, nusu saa kila siku kwa wiki tatu, na utakuwa umejiandaa vya kutosha. Nataka kukaa kwenye kesi, maana huko ndiko tunakowapoteza watu.

Usaili wangu wa kwanza wa kesi niliufanya nikiwa nimemaliza chuo miezi minne kabla. Msaili aliniuliza maduka ya dawa yaliyoko jijini yanakadiriwa kuwa mangapi. Nikachukua karatasi, nikainama, nikaandika. Nilikuwa na mpango mzuri kabisa kichwani: nianze na idadi ya watu, nigawe kwa kata, nitofautishe kata za katikati ya mji na za pembezoni. Baada ya dakika kama nne za kimya nikainua kichwa na kutaja nambari. Akaniuliza nimeipataje, na mimi, kwa kuwa niliichukulia kama dalili kwamba nimekosea, nikaomba radhi na kutaja nambari nyingine. Sikupata kazi ile. Nilichukua muda mrefu kuelewa kwamba nambari ya kwanza haikuwa na tatizo lolote.

Nadhani chanzo chake tunakifahamu sote. Tangu darasa la kwanza tumefundishwa kwamba jibu linaandikwa chini, linapigiwa mistari miwili, na linatolewa likiwa limekamilika. Mwanafunzi anayewaza kwa sauti darasani anaambiwa anapiga kelele. Nyumbani nako, mtoto hamkatizi mkubwa kwa mawazo ambayo hajayamaliza. Hayo ni malezi mema na siyakatai, ila chumba cha usaili kinataka kitu kingine. Msaili anajua kwamba wewe hujui kuna maduka mangapi ya dawa, na yeye mwenyewe hajui. Anachotaka ni kuisikia njia unayopita, kwa sababu mteja atakayekulipa baadaye atanunua ile njia.

Niwape mfano mmoja mzima, kama ambavyo ningependa kuusikia ukisemwa. Swali: jiji la Dar es Salaam linatumia gesi ya kupikia kiasi gani kwa mwezi?

"Naomba nusu dakika nipange. Nitaanza na kaya, kisha nitaongeza biashara za chakula. Viwanda nitaviacha, nikidhani swali linahusu kupikia tu. Naomba unisahihishe kama sivyo. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa huu. Nitatumia milioni 5.4. Wastani wa kaya kitaifa ulikuwa watu 4.3, mjini kuna wapangaji wengi wa chumba kimoja, kwa hiyo nitatumia wanne. Hizo ni kaya 1,350,000. Nazigawa katika mafungu matatu: zinazopikia gesi kama nishati kuu, zinazochanganya gesi na mkaa, na zisizotumia gesi. Nakadiria fungu la kwanza ni asilimia 40, la pili asilimia 30. Fungu la kwanza ni kaya 540,000. Nikisema kila moja inamaliza mtungi wa kilo 6 kwa mwezi, ni kilo 3,240,000. Fungu la pili ni kaya 405,000; mtungi huohuo unakaa miezi miwili, kwa sababu maharage na makande yanachemshwa kwenye mkaa, kwa hiyo ni kilo tatu kwa mwezi, jumla kilo 1,215,000. Kaya zote pamoja ni takriban tani 4,450. Kwa mama lishe, mahoteli na mabanda ya chipsi nitaongeza moja ya tano. Nafika kwenye tani 5,300 hivi.

"Kabla sijalikabidhi jibu, nilipime. Tani 5,300 kwa watu milioni 5.4 ni karibu kilo moja kwa mtu kwa mwezi, maana yake kaya ya watu wanne ingemaliza mtungi mdogo kwa mwezi mmoja na nusu. Kwa kuwa karibu theluthi ya kaya nimezihesabu kuwa hazitumii kabisa, naona haliko mbali na ninachokiona mtaani. Kadirio ninaloliamini kidogo zaidi ni lile la biashara za chakula, na kama tungekuwa na muda ningeanzia hapo kulirekebisha."

Tazameni kwamba asilimia 40 na 30 ni makadirio yangu tu, na mwingine angeweka 50 na 20 bila kupoteza alama hata moja. Alama ziko kwenye kugawa mafungu yasiyoingiliana wala kuacha pengo, kwenye kueleza kwa nini umechagua nambari hiyo (yale maharage yana thamani kubwa kuliko mnavyofikiri, kwa sababu yanaonyesha unawajua watu unaowahesabu), na kwenye kulipima jibu kabla ya kulitoa. Msaili mzuri ataendelea: je, soko hili linaelekea wapi? Aliyesoma habari za nchi yake atataja Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa Mei 2024, wenye lengo la kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ifikapo mwaka 2034, kisha atauliza kama kikwazo kikubwa ni bei ya mtungi wa kwanza au ni bei ya kujaza tena.

Mavazi na mambo ya kufika kwa wakati nitayapitia haraka. Suti nzuri inapatikana Karume kwa bei ya mwanafunzi, na fundi anaikata ikukae vizuri. Anayetoka Kimara apande mwendokasi hadi Morocco na ahesabu muda wa usafiri wa pili wa kwenda Masaki. Anayetoka Kigamboni asiuamini muda wa pantoni; bora afike saa nzima kabla, akae mahali atulie.

Karibuni kwa maswali.

Mchangiaji wa kwanza

Shikamoo dada. Nashukuru sana kwa uzi huu. Mimi nimehitimu uhandisi wa ujenzi mwaka huu, nina GPA ya 3.8. Nimeitwa kwenye usaili wa kampuni ya ushauri wiki tatu zijazo, na tangu nipokee barua pepe ile sijalala vizuri, kwa sababu sijawahi kusoma somo hata moja la biashara. Wenzangu watakaokuwepo wamesoma fedha na uhasibu. Je, nianze kusoma vitabu vya uhasibu sasa hivi? Pia fomu iliniuliza GPA nami nikaandika 3.8 peke yake, na sasa naogopa kwamba nimekosea.

Mwanzisha uzi

Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa kuitwa.

Nianze na GPA. Vyuo vyetu hupima kwa kipimo cha 5, ambapo 4.4 hadi 5.0 ni daraja la kwanza na 3.5 hadi 4.3 ni daraja la pili la juu. Nchi nyingine hupima kwa kipimo cha 4. Msomaji aliyeko nje ya Tanzania akiona 3.8 tupu atadhani umebakiza kidogo kufika kileleni, na atakapoiona transkripti atajiuliza kwa nini hukufafanua. Waandikie leo ujumbe mfupi wa heshima: 3.8 kati ya 5, daraja la pili la juu. Siku zijazo andika hivyo kila mara.

Kuhusu uhandisi, ondoa hofu. Bruce Henderson, aliyeanzisha BCG huko Boston mwaka 1963, shahada yake ya kwanza ilikuwa ya uhandisi. Mhandisi amezoea kulivunja tatizo vipandevipande na kutafuta ni nguzo ipi inayobeba mzigo, na huo ndio moyo wa kesi. Unachohitaji kutoka kwenye biashara ni kidogo: mapato ni bei mara idadi, gharama nyingine hubaki palepale hata usipouza kitu, kama kodi ya pango na mishahara, na nyingine hupanda kwa kila kipande unachotengeneza, faida ni kinachobaki. Hayo matatu, ukiyaelewa kwa undani badala ya kuyakariri, yatakubeba kwenye kesi nyingi za wahitimu.

Ili usiyakariri, jaribu hii. Kiwanda cha mikate kilichoko Mbagala mwaka jana kilikuwa kinauza mikate 10,000 kwa siku kwa shilingi 1,000 kila mmoja. Kila mkate uligharimu shilingi 700 za unga, sukari, hamira, mafuta na mfuko. Gharama za kudumu zilikuwa shilingi 2,000,000 kwa siku. Mwaka huu kinauza mikate 12,000 kwa bei ileile, lakini kila mkate unagharimu shilingi 780. Mwenye kiwanda anasema: "Mauzo yamepanda, mbona mfukoni sioni?" Utamshauri nini? Wengine nanyi jaribuni, na naomba muandike mnavyofikiri, hatua kwa hatua.

Mchangiaji wa pili

Naomba nijaribu, ingawa mimi ni mwalimu wa sekondari na sijaitwa popote.

Mwaka jana kila mkate ulimbakishia shilingi 300. Mara mikate 10,000 ni 3,000,000. Ukitoa 2,000,000 za kudumu, faida ni 1,000,000 kwa siku. Mwaka huu kila mkate unambakishia 220. Mara 12,000 ni 2,640,000. Ukitoa 2,000,000, zinabaki 640,000. Kwa hiyo mapato yamepanda kutoka milioni 10 hadi milioni 12, huku faida ikipungua kwa 360,000 kila siku. Sababu ni gharama ya kila mkate, na mimi nashuku ngano, kwa kuwa sehemu kubwa ya ngano yetu inatoka nje ya nchi.

Ushauri wangu ni kwamba aongeze mauzo zaidi. Mbagala ina watu wengi, na soko lipo.

Mwanzisha uzi

Mwalimu, hesabu zako zimenyooka, na umefanya jambo ambalo wahitimu wengi wanalisahau: umeunganisha nambari na sababu iliyoko nje ya karatasi. Ningekupa alama za juu hadi kwenye aya ya kwanza. Kwenye ushauri ningekusimamisha na kukuuliza: auze mikate mingapi ili airudie ile faida ya milioni moja?

Anahitaji 3,000,000 kabla ya gharama za kudumu. Gawa kwa 220, unapata mikate 13,637. Hapo ndipo unapomuuliza msaili kama tanuri lililopo linaweza kuoka kiasi hicho, kwa sababu ikiwa mwisho wake ni 12,500, kuongeza mauzo kunadai tanuri jipya, na gharama za kudumu zinapanda tena.

Sasa tazama upande wa bei. Tuseme anaongeza shilingi 50 tu. Kila mkate unambakishia 270. Gawa 3,000,000 kwa 270, unapata 11,112. Maana yake anaweza kupoteza wateja wa mikate 888 kila siku, ambao ni karibu asilimia 7.4 ya mauzo ya leo, na bado akawa na faida ileile ya mwaka jana. Swali la kesi nzima linageuka kuwa moja: je, ongezeko la shilingi 50 litafukuza zaidi ya asilimia 7.4 ya wateja? Hilo linaweza kujibiwa kwa kwenda madukani na kuangalia mkate wa mshindani unauzwaje, au kwa kujaribu bei mpya katika mitaa michache kwa wiki mbili. Mshauri anayemwambia mwenye kiwanda "pandisha bei" hajamsaidia sana. Anayemwambia "jaribu shilingi 50 Mbagala Rangi Tatu kwa wiki mbili, na ukiona umepoteza chini ya asilimia saba endelea" amempa kitu anachoweza kukifanya kesho asubuhi.

Napenda kesi hii kwa sababu inaonyesha kwamba hesabu ya darasa la saba, ikifuatwa hadi mwisho, inafika mbali kuliko misamiati mingi ya biashara.

Mchangiaji wa tatu

Ndugu zangu, mimi ni afisa rasilimali watu na nimeshiriki katika ajira za wahitimu kwa muda. Naunga mkono yote yaliyosemwa, na ninaongeza mawili.

La kwanza ni neno "tulifanya". Ukimwuliza kijana wa Kitanzania akueleze wakati alipotatua tatizo, atakujibu: tulikuwa na mradi, tukakutana, tukagawana, tukamaliza. Ni adabu, maana kujisifu mbele za watu hakupendezi. Lakini mimi nahitaji kujua yeye alifanya nini, na nikimwuliza mara ya pili ananyamaza kana kwamba nimemtuhumu. Nawasihi muandae matukio manne au matano ya kweli kutoka chuoni, kwenye mafunzo kwa vitendo, kanisani au msikitini, kwenye duka la familia, popote pale. Kwa kila tukio mjue hali ilikuwaje, wewe binafsi ulifanya nini, na matokeo yalikuwa yapi. Unaweza kuwataja wenzako kwa heshima na bado ukasema: "Kazi yangu ilikuwa kuwapigia wasambazaji na kulinganisha bei, na nilipogundua kosa kwenye ankara nilimweleza meneja." Mtu aliyewahi kusimamia kibanda cha shangazi yake wakati wa likizo ana mengi ya kueleza kuhusu wateja, madeni na uaminifu, lakini mara nyingi anakificha kwa kudhani hakina hadhi.

La pili ni nyaraka. Hakikisheni majina kwenye cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne, cheti cha chuo na kitambulisho cha NIDA yanafanana. Herufi moja ikitofautiana, au jina la babu likiwa limeachwa kwenye cheti kimoja, shughuli ya kuandaa hati ya kiapo inaweza kuchelewesha mkataba wenu kwa wiki kadhaa. Ishughulikieni kabla hamjaitwa.

Mchangiaji wa nne

Nimesoma yote kwa makini na nayaheshimu. Hata hivyo naomba tuzungumze ukweli. Nimehitimu miaka miwili iliyopita na nimeshafanya usaili mara tano. Katika mmoja wao nilijibu vizuri, na baadaye nikajua aliyechukuliwa ni ndugu wa mtu wa ndani. Mtu wa namna yangu, ambaye baba yake ni mkulima Songea, anapataje nguvu ya kufanya mazoezi ya kesi ilhali kinachoamua ni kujuana?

Mwanzisha uzi

Kaka, pole sana, na sitakujibu kwa maneno mepesi. Kujuana kupo, na uliyoyapitia yanauma.

Ninachoweza kukueleza ni utaratibu wa majopo niliyokaa mimi. Wasaili wawili humsikiliza mtu mmoja, kila mmoja hujaza alama zake peke yake, na hatuzungumzi hadi zote ziwe zimeandikwa. Anayetaka kumbeba mtu wake analazimika kuandika sababu, na mwenzake anaisoma. Utaratibu huo haufungi kila mlango, lakini unampa nguvu sana yule aliyeacha ushahidi. Nikiwa na ukurasa mzima wa maneno yako, namna ulivyogawa tatizo, swali ulilouliza, mahali ulipojisahihisha, naweza kubishana kwa ajili yako chumbani baada ya wewe kuondoka. Nikiwa na nambari moja tu uliyoitaja baada ya kimya kirefu, sina silaha. Nimewahi kubishana kwa ajili ya kijana ambaye sikuwa namjua kabisa, na nilishinda kwa sababu karatasi yangu ilikuwa imejaa.

Na kuhusu baba yako mkulima: yuko msaili ambaye angependa kumsikia mtu anayejua kwa nini mkulima anauza mahindi mapema kwa bei ya chini badala ya kusubiri. Wengi wanaoishauri sekta ya kilimo wamelisoma jambo hilo kwenye ripoti. Wewe uliliona mezani kwenu.

Mchangiaji wa kwanza

Dada, nimerudi. Niliwaandikia kuhusu GPA na wakanijibu kwa upole kwamba wamerekebisha.

Jumamosi tulikutana watu watatu nyumbani kwa rafiki yangu Sinza. Tulifanya kesi ya mikate kwa Kiswahili, kisha kesi nyingine kwa Kiingereza, tukarekodi kwa simu. Nilipojisikiliza nilishtuka. Kwa Kiswahili nilikuwa naongea mfululizo. Kwa Kiingereza kuna mahali nimenyamaza kwa sekunde 50, na nakumbuka wakati ule nilikuwa natafuta namna ya kusema "inategemea". Naogopa kwamba lugha itaniangusha. Pia rafiki yangu, aliyekuwa msaili, alinikatiza mara mbili, nikapoteza mwelekeo kabisa.

Mwanzisha uzi

Umefanya vizuri sana kurekodi. Wengi hawathubutu.

Kuhusu lugha, niruhusu nikueleze habari za mama mmoja aliyeitwa Barbara Minto. Aliajiriwa McKinsey mwaka 1963, na mwaka 1966 akahamishiwa London ili awasaidie wafanyakazi wa Ulaya, wengi wao wakiwa wanaandika Kiingereza kama lugha ya pili. Alichokibaini ni kwamba tatizo halikuwa Kiingereza chao: mawazo yalikuwa hayajapangwa, na yangekuwa hivyohivyo hata kwa lugha zao. Kutokana na hapo akafundisha watu waanze na jibu, kisha sababu zake, kisha ushahidi wa kila sababu. Kwa hiyo mazoezi yenu ya Kiswahili yana faida kubwa: mkishapanga mawazo kwa lugha mnayoimudu, mpango huo unahama nanyi. Baada ya hapo andaa sentensi fupi kumi za Kiingereza za kuunganisha: nitaanza na hili, ninakadiria hivi kwa sababu hii, naomba nihakikishe nimekuelewa, hili linategemea mambo mawili. Zizoee hadi zitoke bila kutafutwa. Anayesema Kiingereza chepesi kilichonyooka anaeleweka kuliko anayepamba.

Kuhusu kukatizwa, msaili anapokukatiza mara nyingi anakuonyesha njia. Akikuuliza, "Una hakika ni kaya za watu wanne?" usikimbilie kuomba radhi kama nilivyofanya mimi siku ile. Ama unayo sababu, umweleze kwa heshima, ama kweli hukuitazama vizuri, useme: "Nashukuru, nikitumia watatu idadi ya kaya inakuwa 1,800,000, na jibu linapanda kwa theluthi." Kisha rudi mahali ulipokuwa. Ili usipoteze njia, andika juu ya karatasi yako hatua zako tatu au nne kabla hujaanza, na uweke alama kwenye hatua uliyopo.

Mna wiki mbili. Zoezi la Jumamosi ijayo liwe hili: pantoni za Magogoni na Kigamboni zinaingiza shilingi ngapi kwa siku ya kazi? Kwanza fanyeni mezani, kwa sauti, kwa Kiingereza. Gawanyeni abiria wa asubuhi, wa mchana na wa jioni, watembea kwa miguu, bajaji na magari, na msisahau kwamba tangu daraja la Nyerere lifunguliwe mwaka 2016 wenye magari wana njia nyingine. Halafu, kwa kuwa mko hapahapa mjini, nendeni Magogoni asubuhi moja mkavuke, mhesabu safari kwa saa moja na watu kwenye safari moja.

Mchangiaji wa kwanza

Tutakwenda Jumatatu saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mwalimu aliyejibu kesi ya mikate ameniandikia kwamba anakaa Kigamboni na atatusubiri upande wa pili.

Mwanzisha uzi

Vizuri. Wekeni makadirio yenu hapa kabla hamjavuka, ili tuone ni lipi litakalokuwa limepotoka zaidi.